Injini Haina Kosa

Wizi uligunduliwa Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wagonjwa kumi na mmoja wakiwa wamekwisha kaa ndani ya basi.

Dereva aligeuza ufunguo. Starta ikalia, injini ikazunguka, haikushika. Akageuza tena. Vilevile. Mara ya tatu alishuka, akafungua boneti, akapeleka mkono nyuma ya betri, pale kisanduku kinapokaa siku zote. Mkono ukakuta bati tupu.

"Kimekwenda," alisema. "Jamani, kimekwenda!"

Wagonjwa wale walikuwa wa figo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi basi dogo la kituo cha afya liliwachukua kilomita hamsini na mbili hadi hospitali kubwa, wakasafishwe damu kwa mashine. Gari la akiba lilikuwa limeondoka alfajiri ile na mama aliyeshikwa na uchungu. Basi kila mtu akahangaika kivyake. Wenye ndugu wenye magari wakapiga simu, wasio nao wakaenda barabara kuu kuomba lifti. Ilipofika saa tatu, kumi walikuwa wamepata njia. Aliyebaki ni mwalimu mstaafu, bibi mwembamba asiye na mtu wa kumpigia. Alikaa kwenye benchi la mapokezi akisema yeye hana haraka, gari la akiba likirudi atakwenda nalo.

Saa saba mchana alianguka pale pale kwenye benchi.

Ndipo polisi wakaitwa.

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliidhania upole. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wa nyaya za umeme, na mara moja wa mlango mzima wa choo. Wizi wa namna hii ulikuwa mgeni kwake.

"Hebu nieleze kama unamweleza mtoto," alimwambia Sista Mkuu wa kituo, walipokuwa wamesimama mbele ya boneti iliyo wazi. "Kimeibwa nini?"

"Ubongo wa injini, Afande. Kikompyuta kidogo, ndani ya boksi la plastiki. Ukubwa kama nusu mche wa sabuni."

"Basi lilitoka nacho kiwandani?"

"Wala! Basi hili ni kongwe, vipuri vyake havipo tena madukani. Kabureta ilikuwa imechoka, basi linakunywa mafuta kama ngamia na bado linazimika njiani. Binti wa dereva ndiye aliyetuokoa. Alitoa kabureta, akaweka nozeli za kupulizia mafuta kutoka gari bovu, akatengeneza hicho kisanduku cha kuziendesha. Kwa mkono wake. Huu mwaka wa pili."

"Mgeni yeyote aliingia hapa uwanjani tangu Jumamosi?"

"Daftari la mlinzi halina mgeni hata mmoja."

Inspekta aliinama juu ya injini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akamwita Sajini wake.

"Unaona nini?"

"Skrubu nne, Afande. Zimefunguliwa, kisanduku kimetolewa, kisha zimerudishwa kwenye matundu yake."

"Na hapa?"

Plagi kubwa ya nyaya, ile inayoingia kwenye kisanduku, ilikuwa imevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa mpira, ili unyevu usiingie. Hakuna waya uliokatwa. Hata kitasa kidogo cha plagi kilikuwa kizima.

"Umewahi kukutana na mwizi anayerudisha skrubu?"

"Sijawahi. Wale ninaowajua mimi hata mlango hawafungi."

Sajini alinyunyiza unga wake, akachukua alama za vidole. Zilipolinganishwa zilionekana za watu wawili: dereva na fundi. Lakini vidole vyao vilikuwa na haki ya kuwepo pale, kwa hiyo havikusema kitu.

Dereva alihojiwa ofisini kwa Sista Mkuu. Mji mzima ulimwita Breki, kwa kuwa katika miaka thelathini na mmoja ya usukani hakuwahi kugonga hata kuku. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata nyanya.

"Funguo za basi ni ngapi, mzee wangu?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili uko kwenye droo hiyo uliyoegemea."

"Wako huwa unalala wapi?"

"Msumarini, nyumbani, nyuma ya mlango."

"Unaishi na nani?"

"Na binti yangu, fundi mwenyewe. Mama yake alitutoka miaka minne iliyopita. Huyo binti usimwandike kwenye orodha yako, Afande. Ile injini ni mtoto wake. Mimi nawaambia abiria, hapa mnabebwa na mjukuu wangu. Mtu anaweza kuiba mtoto wake mwenyewe?"

"Wanasema yapo," Inspekta alisema. "Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nililala mchana."

"Na Jumatatu?"

"Nyumbani vilevile."

Alijibu haraka mno, macho yakiangalia mahali fulani kando ya bega la Inspekta.

Karakana ya binti yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Meza ndefu, pasi ya lehemu, makopo ya skrubu yaliyoandikwa ukubwa wake, na ukutani nozeli nne zimefungwa juu ya chupa nne za glasi. Fundi mwenyewe alikuwa na miaka kama thelathini, amefunga kitambaa kichwani, mikono imebabukababuka kwa lehemu. Alikuwa amekwisha sikia habari za bibi aliyeanguka.

"Yuko hai?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Yuko hai. Wamempeleka hospitali kubwa."

Fundi alikaa chini. 

"Kisanduku kinafanya nini hasa?" Inspekta aliuliza.

"Kinapima. Kabureta inakisia, Afande, inamimina tu. Kisanduku kinaiuliza injini: umevuta hewa kiasi gani? Una joto gani? Mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani? Kisha kinafungua nozeli kwa muda mdogo kuliko kufumba jicho, kinafunga. Hivyo hivyo, maelfu ya mara." Alionyesha chupa ukutani. Zote nne zilikuwa na mafuta sawasawa, kama zimepimwa na mwuza dawa. "Nikiona hivi najua nozeli haidanganyi."

"Nani angekitaka?"

"Hakina faida kwa mtu. Kimepangwa kwa injini ile tu. Ukikiweka kwenye gari jingine ni sawa na kuvaa meno ya bandia ya jirani."

Sajini akacheka. Inspekta hakucheka.

"Kutengeneza kingine kutachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Labda zaidi kidogo. Kuna kipuri kinaagizwa mbali."

"Wiki tatu. Na basi litakaa wapi muda wote huo?"

"Kwenu si litakuwa kielelezo cha kesi? Nilidhani mtalishikilia."

Inspekta aliandika neno hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

"Kisanduku kinatunza kumbukumbu?"

"Kinaandika kila safari. Kila Jumapili nahamishia kwenye kompyuta yangu. Ni habari za mafuta na joto tu. Mwizi hayumo."

"Hata hivyo nitaomba niitazame."

Aliitoa kompyuta ile kwa mikono miwili, taratibu, kama anayetoa kitu cha moto.

Nje, Inspekta alimpigia simu Sista Mkuu. "Kisanduku kiliwahi kuharibika kabla ya hapa?"

"Mwaka jana kiliingia maji, Afande. Alitengeneza kingine kwa siku mbili. Hakulala, lakini siku mbili."

"Siku mbili," Inspekta alirudia, akakata simu.

Kila mtu mjini alikuwa na mtuhumiwa mmoja tu mdomoni, na huyo aliitwa Kabureta. Alikuwa fundi wa magari aliyelihudumia basi lile miaka kumi na miwili, mpaka binti wa Breki alipong'oa ile kabureta na kumrudishia mkononi. Walimkuta uwanjani kwake asubuhi ya Jumatano, amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Toka tuongee," Inspekta aliiambia miguu.

"Nawasikia hata huku."

"Toka."

Akatoka. Mtu mnene, ndevu zimeingia mvi na grisi kwa kiasi sawa.

"Wanasema uliapa basi lile litarudi kwako kwa magoti."

"Niliapa, tena mbele za watu. Anayetaka kuiba hutangaza?"

"Tangu Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nyumbani. Hapa tena. Jumatatu nzima nilikuwa chini ya lori hili hili, mwenyewe amenisimamia kama mke mwenye wivu. Muulize."

"Ungekuwa ni wewe, ungekitoaje kile kisanduku?"

"Kwa playa! Nakata nyaya zote, kraa, naondoka zangu."

"Huyu alirudisha skrubu. Akaifunika plagi kwa mfuko wa plastiki."

Kabureta alijikuna shingo. "Huyo siyo mwizi, Afande. Huyo ni mtu anayemfunika mtoto blanketi."

Inspekta alimtazama kwa namna mpya. Kisha akamwambia Sajini afungue kompyuta juu ya pipa la mafuta.

"Wewe ni fundi. Nisaidie kusoma."

"Mimi na makompyuta? Mimi nasikiliza injini kwa sikio."

"Tazama tu. Mstari huu ni mzunguko wa injini. Huu ni mafuta. Huu wa chini ni mguu wa dereva, kanyagio limeshuka kiasi gani. Hii ni safari ya mwanzo wa mwaka. Hii ni ya wiki iliyopita. Barabara ile ile, saa ile ile. Nataka kujua kama kisanduku kilikuwa na kasoro ambayo mtu angetaka kuificha."

Kabureta alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akainama. Mwanzoni alitabasamu kwa dharau. Kisha tabasamu likaondoka. Akamwomba Sajini arudi nyuma, aende mbele, arudi tena.

"Huyu binti anajua kazi," alisema hatimaye, kama mtu anayetapika mfupa. "Mafuta yanafuata mguu kama kivuli. Injini haina kosa."

"Basi kosa liko wapi?"

"Mguuni." Akagusa kioo kwa kidole, akaacha doa jeusi. "Mwanzo wa mwaka mstari umelala, unaona? Mtu anakanyaga, anatulia. Ndiyo Breki ninayemjua. Sasa tazama wiki jana. Anakanyaga, anaachia. Anakanyaga, anaachia. Kama meno ya msumeno. Hapa ni kwenye tambarare, hakuna kona, hakuna tuta, naijua barabara ile. Kwa nini anaachia?"

"Nakuuliza wewe."

"Mtu anaachia mafuta akiona kitu mbele." Akasita. "Au asipoona."

Kabureta akakaa juu ya tairi.

"Nilimwahidi mzee sitasema. Tangu mwaka uanze nimemnyooshea bampa mara mbili, na kioo cha pembeni mara moja. Alikuwa anasema ni jiwe, ni tawi. Aliniomba iwe siri yetu. Afande, yule mzee ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Ningemwambiaje?"

Mwalimu mstaafu alikuwa amepewa kitanda karibu na dirisha. Uso umevimba bado, lakini macho makali. Alivitazama viatu vya Inspekta kwanza, kama walimu wanavyofanya, akaridhika.

"Unaendeleaje, Mwalimu?"

"Naendelea. Walidhani nimekwenda, nikawaambia bado nina madaftari ya kusahihisha."

"Nimeambiwa wewe hukaa kiti cha mbele, kando ya dereva."

"Miezi minne sasa."

"Kabla ya hapo?"

"Nyuma, dirishani. Mbele kuna upepo."

"Kwa nini ulihama?"

"Napenda kuongea. Mzee Breki ni msikilizaji mzuri. Namsimulia barabara. Hapo kuna baiskeli, namwambia. Pale wanafunzi wanavuka, tazama walivyochafua soksi. Lile shimo jana halikuwepo."

"Mwalimu."

Bibi yule alilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Alijua kwamba unamwonyesha njia?"

"Tulikuwa hatusemi. Yeye anaitika, mimi naendelea na hadithi." Sauti ilimpungua. "Mtu amekubeba miaka sita, Afande. Ukiwa hoi anakushika mkono ngazini. Hajakuchelewesha siku moja. Utamwambia kwa mdomo gani kwamba hafai? Nimewafundisha watoto miaka yote kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikafanya nini? Nikaficha maradhi ya mtu mwingine."

Kwenye gari wakati wa kurudi, Sajini alikuwa amekwisha funga jalada kichwani mwake.

"Ni mzee, Afande. Haoni, anaona haya kusema. Anatoa kisanduku ili basi lisitembee. Ufunguo anao, injini anaipenda. Kila kitu kimekaa."

"Kila kitu isipokuwa wiki tatu," Inspekta alisema. "Twende nyumbani kwao."

Ilikuwa saa kumi alasiri. Nyumba ya vyumba viwili, sebule safi, saa ya ukutani inayochelewa, picha ya marehemu mama ndani ya fremu, chini yake cherehani lililofunikwa kitambaa cheupe. Baba alikuwa kitini. Binti alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono imekunjwa.

"Mzee wangu," Inspekta alianza, "tumeisoma rekodi ya safari zako."

Breki hakumngoja amalize. Alisimama, akanyoosha shati.

"Niandike. Ni mimi."

"Baba!"

"Kaa kimya, mwanangu. Afande, nilikitoa mimi Jumapili. Nilikitupa mtoni. Nimechoka kuendesha, basi. Mwanangu hajui lolote, na kazi yake haina kasoro, hilo pia uliandike."

"Ulikitoaje?"

"Nilifungua skrubu, nikachomoa plagi."

"Plagi ile ina kitasa kidogo. Ulikifungua vipi?"

"Kama kawaida."

Inspekta alimpa Sajini ishara. Kutoka kwenye mfuko wa vielelezo Sajini alitoa plagi nyeusi ya aina ile ile, imeunganishwa na pacha wake, waliyoiazima kwa Kabureta. Akaiweka mkononi mwa mzee.

"Nionyeshe."

Breki aliipokea. Aliigeuza. Vidole vyake vinene vilipapasa upande mmoja, vikahamia mwingine, vikarudi. Alivuta, haikutoka. Aliisogeza karibu na uso, karibu zaidi, mpaka ikagusa pua. Jasho lilimtoka kwenye paji. Saa ya ukutani iliendelea kugonga. Kitasa kilikuwa chekundu na kilikuwa mbele ya macho yake.

"Inatosha," binti alisema. "Inatosha, Afande, mwacheni. Ni mimi."

"Usimsikilize! Anataka kuniokoa."

"Baba, kaa. Tafadhali kaa."

Alikwenda kwenye cherehani la mama yake, akafunua kitambaa, akafungua sanduku la chini. Akatoa kitu kilichozungushiwa taulo, akakiweka mezani. Kilikuwa kisanduku.

Inspekta alikaa ndipo akatoa daftari. "Ninalazimika kukuonya kwamba utakachosema kitaandikwa. Haya. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilisoma." Fundi alivuta pumzi. "Mwezi wa tano niliona mguu wake umebadilika. Nilidhani sensa ya kanyagio imeharibika. Nikabadilisha sensa. Nikabadilisha waya. Nikaandika upya programu, Afande, majuma mawili natafuta kosa kwenye kazi yangu. Nilikuwa naomba kosa liwe langu. Halikuwa langu."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia mwezi wa saba. Nikasema, Baba, twende ukapimwe macho. Aliacha chakula mezani. Siku tisa hakunisemesha."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Sista Mkuu je?"

"Angemshusha siku hiyo hiyo, mbele ya abiria wake. Na angekuwa na haki. Lakini mimi ndiye ningekuwa nimemshusha. Mama alipofariki, kazi hii ndiyo iliyomwamsha asubuhi. Leseni yake inaisha tarehe ishirini mwezi huu. Miaka yote wanampima kwa ubao wa herufi."

"Niliukariri," Breki alisema taratibu. "Mstari wa juu hadi wa chini. Naweza kuusema hata nikiwa nimelala."

"Mwaka huu wameleta mashine mpya, herufi zinabadilika. Ingemkataa. Nilitaka akataliwe na mashine, arudi nyumbani ailaani mashine, mimi nimpikie chai. Zilibaki siku kumi na sita. Nikawaza, kisanduku kikiibwa, basi litakuwa kielelezo, polisi watalishikilia. Gari la akiba litachukua abiria. Siku kumi na sita tu."

"Ungeweza kusema kisanduku kimeharibika."

"Wangemwita Kabureta. Angerudisha mitambo ya zamani kwa siku moja, Baba angerudi barabarani, na mimi nisingekuwa na rekodi tena ya kumtazama."

"Ungeweza kuibadilisha programu injini izime."

"Na watu kumi na mmoja ndani? Katikati ya barabara?" Alimtazama Inspekta kama amemtukana. "Hapana, Afande. Nilikitoa gari likiwa limeegeshwa."

"Gari la akiba halikuwepo."

"Jumatatu jioni nilipita nikalihakikisha. Lilikuwa pale, tangi limejaa. Nilihesabu kila kitu isipokuwa mtoto wa watu kuamua kuzaliwa alfajiri." Hapo ndipo alipolia, bila kujifunika uso. "Yule bibi angekufa mikononi mwangu. Niandikie na hilo. Hilo ndilo kubwa, kisanduku si kitu."

Inspekta aliandika. Alipomaliza alimgeukia mzee.

"Na wewe ulikiri kosa lisilo lako. Kwa nini?"

"Jumapili nilisikia ufunguo ukitoka msumarini. Macho yamekwenda, masikio yapo. Alirudi na kitu, akafungua cherehani la mama yake. Tangu tumzike hakuna aliyeligusa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Jumanne nilipokuta bati tupu nikaelewa. Nilidhani kisanduku kina kosa, anaona aibu kusema. Nikasema, jina lake ndilo linaanza, langu linamalizika. Liharibike langu."

Baba na binti walitazamana, kwa kadiri mzee alivyoweza kutazama.

"Nisomee," alisema ghafla.

"Nini, Baba?"

"Hicho kilichoandikwa. Umesoma miezi mitano, mimi sijasomewa. Nataka kujua wewe ulijua nini."

Fundi alimwangalia Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa kukubali, na Sajini akaisogeza kompyuta.

"Alhamisi ya tatu ya mwezi wa tano. Unarudi, jua liko mbele. Ulisimama kabisa, sekunde kumi na moja. Hakuna kituo pale."

"Nilidhani kuna mtu amelala njiani. Lilikuwa gunia."

"Mwezi wa sita, mara nne kwa siku moja."

"Vivuli vya nguzo. Endelea. Nenda Jumamosi hii iliyopita."

"Baba, hiyo..."

"Isome."

"Karibu na shule. Mwendo wa kawaida, mguu umetulia. Kisha ukaachia ghafla. Breki kali mpaka injini ikakaribia kuzima."

"Unajua ni nini?"

"Sijui. Niliiona Jumapili asubuhi. Ndiyo iliyonifanya nichukue ufunguo."

"Mtoto," Breki alisema. "Wa kike, ana mfuko mgongoni. Mimi sikumwona. Gunia nililiona, vivuli niliviona, mtoto sikumwona. Mwalimu ndiye aliyepiga kelele. Yule mtoto alipita mbele ya bampa hivi." Akaweka viganja viwili hewani, vikiwa karibu sana. "Niliwafikisha abiria, nikarudi hapa, nikalala na viatu. Nikajiapiza sitaligusa tena. Jumanne asubuhi nikapiga pasi shati, nikaenda. Mwanangu, wewe hukuniibia kitu. Mimi ndiye niliyekuwa naiba, kila safari, kilomita hamsini na mbili kwenda na kurudi."

Sajini alijifanya anatafuta kalamu chini ya kiti.

Inspekta hakuwa na namna ya kulifuta kosa. Aliandika jalada kama lilivyokuwa: mali ya umma ilichukuliwa, maisha ya mtu yalihatarishwa, mtuhumiwa amekiri kwa hiari. Lakini aliandika pia habari za skrubu, mfuko wa plastiki na mpira, na akaambatanisha mistari ya rekodi, ya mwanzo wa mwaka na ya Jumamosi ile. Kisanduku kilirudishwa. Alhamisi basi liliondoka saa yake, likiendeshwa na dereva wa gari la akiba. Leseni ya Breki haikungoja tarehe ishirini. Aliipeleka mwenyewe, akaiacha juu ya meza ya ofisi.

Daktari wa macho alikuta mtoto wa jicho upande wa kulia, akamfanyia upasuaji miezi kadhaa baadaye. Jicho la kushoto presha ya macho ilikuwa imekwisha kulila. Kilichokwenda, alisema, hakirudi.

Kabla ya upasuaji huo kesi ilisikilizwa. Mwalimu alikuja akiwa ameegemea mkongojo, akamwambia hakimu kwamba kama ni kushitaki walioficha, basi kizimba kile ni kidogo, kiti cha mbele nacho kiletwe. Kabureta alieleza habari ya bampa, akaomba radhi bila kuulizwa. Kisha shahidi wa tatu akaitwa. Breki alipanda kizimbani kwa shati lake la mikunjo, na karani akampa karatasi ya kiapo aisome.

Aliishika. Ukumbi ulikuwa umejaa watu aliowabeba kwa miaka thelathini na mmoja. Angeweza kusema kwa kukariri, kiapo alikijua. Akairudisha karatasi.

"Sioni, mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Naomba nisomewe, nitafuata."

Karani akasoma, mzee akafuata neno kwa neno.

Fundi alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Walipotoka, watu walikuwa wengi na ngazi za mahakama zilikuwa ndefu. Mzee alifika ukingoni mwa ile ya kwanza, akasimama, akanyoosha mkono wake hewani na kungoja, mpaka binti yake akaja akaushika.